Maji Yalitoka Wapi? Ukweli na Ushahidi katika Madai ya Majirani

(Mada iliyotolewa katika semina ya viongozi wa walei na wajumbe wa Haki na Amani)



Ndugu wapendwa, wenyeviti wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, wajumbe wa Halmashauri ya Walei, na ninyi nyote mliojitolea kwa kazi ya Haki na Amani katika vigango vyetu:

Pengine mlitazamia kwamba leo tungezungumza juu ya mambo makubwa, kama vile uchaguzi, rushwa au katiba. Hayo yana siku yake. Sisi tumechagua jambo linalobisha hodi katika ofisi zetu kila masika yanapoanza, nalo ni maji yanayotoka kwa jirani wa juu na kuharibu nyumba ya jirani wa chini. Jambo hili huonekana dogo mpaka siku litakapoingia chumbani mwako. Tumeona watu waliosimamiana watoto katika ubatizo wakikataa kupeana mkono wa amani kwa sababu ya mtaro. Tumeona pia watu wenye haki wakishindwa kuipata haki yao kwa sababu tu hawakujua jinsi ya kuonyesha kwamba maji yale ndiyo yaliyoleta hasara ile. Juu ya hilo ndilo tunalotaka kutafakari pamoja.

1. Kosa letu wenyewe

Tuanze kwa kuungama. Miaka kadhaa iliyopita tulitumikia parokia moja mjini Mwanza, mji ambao nyumba zake hupanda milima ya mawe kama ngazi. Parokia ilijenga ukumbi mpya, na chini ya ukumbi huo ilikuwapo nyumba ya mama mmoja mjane. Paa la ukumbi lilikuwa pana, wala hatukuliwekea mifereji ya kukinga maji, kwa kuwa fedha zilikuwa zimekwisha. Nyuma ya ukumbi tuliweka tanki kubwa la maji. Katika masika ya pili, ukuta wa chumba alimolala mama yule pamoja na wajukuu wake ulipata ufa, ukavimba, na usiku mmoja sehemu yake ikaanguka. Kwa rehema ya Mungu, usiku ule watoto walikuwa wamelala chumba cha pili.

Mama alikuja ofisini, akasema, "Baba, maji ya ukumbi yamenibomolea nyumba." Nasi tulimjibu kwa wepesi unaotuaibisha hadi leo, "Pole sana, Mama. Lakini mvua ni ya Mungu, na maji hufuata mteremko. Hata kabla ya ukumbi maji yalikuwa yakipita pale pale." Alinyamaza, akaondoka. Wapo wazee waliotusifu kwa jibu lile. Wapo pia walionong'ona kwamba mama anatafuta fedha za Kanisa.

Tazameni, ndugu, kila upande ulisema jambo bila kulithibitisha. Mama alisema maji ni yetu. Sisi tulisema maji ni ya Mungu. Yeye alikuwa na ukuta ulioanguka mkononi. Sisi tulikuwa na maneno tu. Hata hivyo sisi ndio tuliosikilizwa, kwa sababu tulikuwa tumeketi kwenye kiti.

2. Baada ya jambo si kwa sababu ya jambo

Yapo mambo matatu ambayo hatuna budi kuyatenganisha. Kwanza, kwamba hasara imetokea: ukuta umeanguka, hilo halina ubishi. Pili, kwamba jirani ametenda au ameacha kutenda jambo fulani: amejenga, amechimba, ameziba mtaro, au ameacha tanki lifurike. Tatu, kwamba jambo hilo la pili ndilo lililoleta lile la kwanza. Mashauri mengi huanguka katika hatua hii ya tatu. Mdai huthibitisha hasara kwa uchungu mwingi, huthibitisha kosa la jirani kwa hasira nyingi, kisha hudhani kwamba amemaliza. La hasha! Daraja kati ya hayo mawili bado halijajengwa.

Kwamba ukumbi ulijengwa kisha ukuta ukaanguka, hakuonyeshi bado kwamba ukuta uliangushwa na ukumbi. Jogoo huwika kisha kukapambazuka, lakini si jogoo aletaye jua. Swali la kujiuliza ni hili: kama jirani asingetenda alilotenda, je, hasara hii ingetokea? Ikiwa jibu ni kwamba ingetokea vile vile, basi jirani si chanzo chake, hata kama ni mtu mkorofi. Ikiwa jibu ni kwamba isingetokea, au ingekuwa ndogo zaidi, hapo tumeanza kuushika mkono wa haki.

Tumeona pia kinyume cha kisa chetu. Baba mmoja alimshutumu jirani yake kwa miezi mingi kwamba karo lake la maji machafu linalowesha ukuta wake. Mwishowe fundi alimwambia afunge koki zote za nyumba yake mwenyewe kisha atazame mita ya maji. Mita iliendelea kuzunguka. Bomba lake mwenyewe lilikuwa limepasuka ndani ya ukuta. Hebu fikirini: miezi yote ile jirani alibeba jina baya kwa kosa ambalo hakulitenda. Amri ya nane haivunjwi mahakamani tu. Huvunjwa pia barazani na kisimani.

3. Sheria inasemaje

Tusiiogope sheria, maana katika jambo hili inakubaliana na akili ya kawaida. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inamtaka mwenye kudai haki mbele ya mahakama athibitishe mambo anayoyategemea. Huu ndio uitwao mzigo wa kuthibitisha, nao humwangukia kwanza mdai. Lakini mzigo huo si mzito kama ule wa kesi ya jinai, ambamo shaka isibaki. Katika madai, kipimo ni mizani ya uwezekano: ni nini kinachoelekea zaidi kuwa kweli?

Mahakama Kuu ya Tanzania, katika hukumu ya mwaka 1984 inayotajwa sana hadi leo, ilifundisha mambo matatu yatufaayo. Katika madai pande mbili haziwezi kutoka sare. Mwenye ushahidi mzito zaidi ndiye ashindaye. Uzito huo haupimwi kwa wingi wa mashahidi bali kwa ubora wa ushahidi wao. Aidha, mtu akiacha kumwita shahidi wa muhimu bila kutoa sababu, mahakama yaweza kuona kwamba shahidi yule angesema maneno yasiyompendeza aliyemwacha. Basi usilete majirani kumi waliosikia habari, ukamwacha nyumbani fundi aliyechimba mtaro.

Kuhusu maji yenyewe, mahakama zetu zilirithi kanuni za sheria ya Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kwa kadiri zinavyofaa mazingira yetu. Mojawapo ni ile ya shauri la Rylands na Fletcher, lililoamuliwa na Baraza la Malodi mwaka 1868. Mwenye kiwanda katika jimbo la Lancashire alijengewa bwawa. Chini ya bwawa yalikuwapo mashimo ya zamani ya mgodi, nao waliolijenga hawakuyaziba vizuri. Bwawa lilipojazwa, maji yalipenya katika mashimo yale yakafurika katika mgodi wa jirani. Kanuni iliyotoka hapo ni kwamba mtu anayekusanya katika ardhi yake kitu kisicho cha asili mahali pale, ambacho kikitoroka chaweza kudhuru, hukiweka kwa hatari yake mwenyewe.

Hapa tunapata tofauti iliyo muhimu. Maji ya mvua yashukayo mlimani kwa njia yao ya asili si kosa la jirani wa juu. Lakini akiyakusanya kwa paa, tanki, bwawa au mfereji, kisha akayaelekeza au kuyaachia mahali pamoja, hawezi tena kujificha nyuma ya mteremko. Hata Maandiko Matakatifu, katika kitabu cha Kutoka sura ya 21, yanamdai fidia mtu aliyechimba shimo akaliacha wazi, mnyama wa mwenzake akatumbukia.

4. Jinsi ya kufuata njia ya maji

Turudi kwa mama yetu mjane. Mwezi Julai, katikati ya kiangazi, alirudi ofisini akiwa na daftari la shule la mjukuu wake. Tangu siku tulipomjibu vibaya alikuwa akiandika kila asubuhi mambo mawili: kama mvua imenyesha, na kama sehemu ya chini ya ukuta uliobaki imelowa. Katika Julai ile, ambamo mvua haikunyesha hata tone, aliandika siku tatu kwamba ukuta umelowa. Akatuuliza kwa upole, "Baba, siku hizi tatu nazo mvua ilikuwa ya Mungu?"

Hatukuwa na jibu. Tulimwita mlinzi wa parokia. Alisema kwamba boya la tanki, lile linalofunga maji tanki linapojaa, lilikuwa limevunjika, na usiku ambao maji ya bomba yalitoka kwa nguvu, tanki lilifurika mpaka alfajiri. Tulilinganisha siku zake na siku za daftari. Zilikuwa zile zile.

Kisha fundi mwashi, mzee mmoja wa parokia, akapendekeza jaribio. Tulijaza ndoo kadhaa za maji, tukatia bluu ya kufulia nguo, tukazimimina pale tanki linapofurikia, mbele ya mama, mwenyekiti wa jumuiya yake na wazee wawili. Maji yalizama ardhini karibu na mtaro uliochimbwa wakati wa ujenzi kupitisha bomba, ambao ulikuwa umefukiwa kwa kifusi kisichoshindiliwa. Chini ya saa moja baadaye, maji ya rangi ya bluu yalichuruzika kwenye mguu wa ukuta wa mama yule. Hakuna aliyesema neno.

Kutokana na tukio hilo na mengine, tunawapa viongozi mashauri yafuatayo:

(a) Andika tarehe. Daftari lililoandikwa siku kwa siku lina uzito kuliko kumbukumbu ya mwaka mzima. Andika mvua, unyevu, na siku jirani alipofungua maji au kumwagilia. Tafuta hasa siku zisizo za kawaida: ukuta uliolowa bila mvua, au mvua iliyonyesha bila ukuta kulowa. Siku hizo husema zaidi kuliko nyingine zote.

(b) Tazama unyevu unaanzia wapi. Unyevu uanzao juu na kushuka, mara nyingi ni wa paa lako mwenyewe. Uanzao chini na kupanda, ukiacha chumvi nyeupe kwenye lipu, huelekea kuwa wa ardhini. Usiokauka hata kiangazi wataka uchunguze mabomba, yako kwanza, kisha ya jirani.

(c) Tofautisha ufa wa zamani na ufa mpya. Ufa wenye rangi ya ukuta ndani yake, vumbi lililogandamana au utando wa buibui haukuanza jana. Kwa ufa mpya, chora mstari kwa kalamu kwenye ncha zake na uandike tarehe. Ukiendelea kukua, mistari itasema.

(d) Onyesha hali ya awali. Mama yetu alileta picha ya Komunyo ya Kwanza ya mjukuu wake, iliyopigwa mbele ya ukuta ule kabla ya ukumbi kujengwa. Ukuta ulikuwa umenyooka.

(e) Fuata njia yote. Haitoshi kuonyesha maji juu na hasara chini. Onyesha yalikopita kati ya hapo na pale, kama ni juu ya ardhi, mtaroni au chini ya kifusi. Jaribio lifanyike mbele ya pande zote mbili. Jaribio la siri huzaa shaka.

(f) Ondoa sababu nyingine. Orodhesha kila kitu kingine kinachoweza kuleta hasara ile, nawe ukichunguze kwa haki, hata kama kiko upande wako.

(g) Piga picha kabla ya kutengeneza, lakini usiiache nyumba iharibike ili fidia iongezeke. Mwenye kuumia ana wajibu wa kuzuia hasara isikue.

5. "Mvua ni ya Mungu"

Maneno haya tuliyoyatumia vibaya yana mahali pake. Sheria inatambua tukio la asili lisilo la kawaida kiasi kwamba binadamu mwenye busara asingeweza kulitazamia wala kulizuia. Mwaka 1876, katika shauri la Nichols na Marsland huko Uingereza, mabwawa ya bustani yalipasuka kwa mvua kubwa kupita zote zilizokumbukwa, yakasomba madaraja. Mwenye mabwawa hakuwajibishwa, kwa kuwa ilionekana kwamba yalijengwa na kutunzwa vizuri.

Zingatieni neno hilo: yalijengwa na kutunzwa vizuri. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998, na zile zilizoleta mafuriko Dar es Salaam Desemba 2011, zilikuwa kubwa mno. Lakini mvua ya masika ya kila mwaka si tukio lisilotazamiwa. Kila mtoto anajua kwamba itakuja. Anayejenga paa pana juu ya mteremko bila mfereji hawezi kumsingizia Mungu. Palipo na ubishi juu ya ukubwa wa mvua, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutunza kumbukumbu za mvua iliyopimwa, nazo ni shahidi asiye na ndugu mtaani.

6. Sababu zikiwa mbili

Sehemu hii ni ngumu, nayo ndiyo iliyotufundisha zaidi. Fundi alipochunguza msingi wa nyumba ya mama, alikuta jambo jingine. Maji ya bafu lake yaliingia katika shimo lililochimbwa hatua mbili tu kutoka ukuta ule ule, na msingi wenyewe ulikuwa wa mawe machache yaliyoshikwa kwa udongo. Wazee kadhaa walifurahi. Walisema, "Basi, kosa ni lake!"

Hapana, ndugu. Hasara moja yaweza kuwa na vyanzo viwili. Sheria haidai kwamba kosa la jirani liwe chanzo pekee. Yatosha liwe limechangia kwa kiasi cha kweli, si cha kuwazia tu. Kwa upande mwingine, aliyechangia hasara yake mwenyewe anaweza kupunguziwa fidia. Shimo la bafu lilikuwapo miaka tisa, na ukuta ulisimama. Tanki na paa vilipokuja, ukuta haukumaliza miaka miwili. Hilo lilituonyesha ni upande upi uliobeba mzigo mkubwa. Lakini lile shimo nalo liliulainisha udongo. Mama alipoelezwa, alikubali mara moja, tena bila kuombwa mara mbili. Unyofu wake ulitutia haya kuliko daftari lake.

7. Twende wapi?

Kwanza, jumuiya. Kazi ya viongozi si kutoa hukumu. Ni kuwakutanisha wawili hao mahali maji yanapopita, wakaone kwa macho yao. Mkipatana, andikeni: nani atajenga nini, kwa gharama ya nani, hadi tarehe ipi. Wote watie sahihi mbele ya mashahidi.

Pili, ikiwa shauri linahusu haki katika ardhi yenyewe, liko Baraza la Kata. Zamani mabaraza hayo yaliweza kuamua. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 kazi yake katika migogoro ya ardhi ni kusuluhisha. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halitapokea shauri la namna hiyo bila uthibitisho kwamba usuluhishi umeshindikana, isipokuwa siku 30 zimepita bila Baraza la Kata kulisuluhisha. Madai ya fidia peke yake huweza kuwa ya mahakama za kawaida. Msibahatishe. Waulizeni wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Tatu, msichelewe. Madai ya fidia kwa madhara ya namna hii yana ukomo wa miaka 3. Aidha, ushahidi wa maji hukauka upesi kuliko sheria.

8. Hitimisho

Parokia ililipa theluthi mbili za gharama ya ukuta, ikaweka mifereji kwenye paa, ikabadilisha boya, na kujenga mtaro wa mawe upelekao maji barabarani. Mama alihamisha shimo la bafu. Jumapili iliyofuata tuliwaeleza waamini kwamba mama yule alisema kweli nasi tulikosea. Fidia hutengeneza ukuta, lakini jina la mtu halitengenezwi kwa matofali. Ni lazima lirudishwe hadharani kama lilivyochafuliwa hadharani.

Tujifunze basi kuuliza swali la mama yule kabla ya kuhukumu: maji yalitoka wapi? Mdai ajiulize kwa ajili ya jirani yake, na mdaiwa ajiulize kwa ajili ya nafsi yake. Anayejua kwamba tanki lake hufurika usiku asingoje daftari la mjane.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Katika mtaa wetu, ni maji ya nani yanayoingia kwa nani? Je, tumewahi kwenda kuyaona pamoja?
2. Je, tumewahi kumshutumu jirani kwa hasara ambayo chanzo chake hatukukichunguza?
3. Majengo ya kigango na parokia yetu humwaga maji yake wapi?
4. Mnyonge akimdai mwenye cheo, jumuiya yetu humsikiliza nani kwanza, na kwa nini?